Kuhama mwajiri Qatar hakuhitaji tena barua ya bosi

Pole sana dada. Hilo analoambiwa mdogo wako huko Doha, kwamba hahami kazi bila barua ya ruhusa ya bosi, si kweli. Qatar ilifuta sharti hilo 2020, hata kwa wafanyakazi wa ndani. Anatoa notisi kupitia mfumo wa Wizara ya Kazi mtandaoni: mwezi 1 kama ana miaka 2 kazini au pungufu, miezi 2 akiwa amezidisha. Ila asitoroke, tafadhali! Akiondoka kabla uhamisho haujakubaliwa anaweza kuripotiwa mtoro. Mimi kila karatasi niliipiga picha nikamtumia mama huku Moshi, Majengo. Bosi alipokana kupokea notisi, picha ile ndiyo iliyoniokoa. Na pasipoti akae nayo mwenyewe.