Maswali ya Santuri: Jazi kwa Sikio la Tanga

Tangu niandike kwamba santuri nzuri za jazi si zile tu zinazotajwa na kila mtu, barua zimenijia kwa wingi, nyingine za kuuliza, nyingine za kunisuta. Leo najibu chache.

Shikamoo mzee. Nimepata mashine ya santuri ya mtumba na nataka kuanza na jazi. Kila ninayemuuliza ananiambia *Kind of Blue*. Ni lazima? (Kijana wa Makorora)

Marahaba, mwanangu. Si lazima, ila hawakukudanganya. Mpiga tarumbeta Miles Davis aliirekodi New York kwa siku mbili tu, Machi 2 na Aprili 22, 1959, na wenzake aliwapa vidokezo vya skeli (ngazi za sauti) badala ya nyimbo zilizokamilika. Ndiyo sababu ina nafasi. Hakuna anayemkimbiza mwenzake. Mara ya kwanza sikiliza besi ya Paul Chambers peke yake, tarumbeta iache ipite. Halafu kuna kituko ambacho wakusanyaji hawaachi kukisimulia: siku ile ya Machi mashine ya kunasia sauti ilikuwa inazunguka polepole, kwa hiyo upande wa kwanza wa santuri za zamani unasikika juu kidogo kuliko ulivyopigwa. Walirekebisha katika toleo la 1992. Wapo wanaotafuta toleo lenye kasoro kwa pesa nyingi. Wewe nunua jipya.

Nisichokipenda ni mtu kufika hapo akatua mzigo. Juni 1960 mpiga saksafoni mmoja, Tina Brooks (mwanamume huyo, jina lisikuchanganye), alirekodi *True Blue* kwa kampuni ya Blue Note, tarumbeta ikipigwa na Freddie Hubbard aliyekuwa bado kijana mbichi. Brooks aliongoza vipindi vinne vya kurekodi katika kampuni ile. Hiyo moja tu ndiyo iliyotoka akiwa hai. Alifariki 1974, na siku hizi nakala za mwanzo zinagombewa kwa maelfu ya dola. Muziki wenyewe ni ule ule, kwenye nakala ya bei mbaya na ya bei rahisi. Mie naisikiliza kuliko hiyo ya Davis.

Mbona Wamarekani weusi walikuwa wakizipa albamu zao majina ya Kiswahili? Nimeona moja inaitwa *Mwandishi* na aliyepiga ni Herbie Hancock. (Mwalimu mstaafu, Chumbageni)

Mwalimu, hili ningeweza kulijaza gazeti zima.

Anza na *Uhuru Afrika* ya Randy Weston, mpiga piano wa Brooklyn. Ilirekodiwa Novemba 1960, Tanganyika ikiwa bado mwaka mzima na ushei kabla ya bendera yake kupanda. Weston alitaka lugha ya Kiafrika isiyo ya kabila moja, akachagua yetu. Mshairi Langston Hughes aliandika maneno, na anayeyasoma kwa Kiswahili mwanzoni kabisa ni Mtanganyika, Tuntemeke Sanga, yule yule aliyekuja kuwa mbunge machachari huku nyumbani. Wengi wetu tunamjua Sanga wa siasa; wachache wanajua kwamba sauti yake imo kwenye santuri moja na wapiga ngoma Max Roach na Babatunde Olatunji. Sehemu ya kwanza inaitwa "Uhuru Kwanza", ya mwisho "Kucheza Blues". Aliyepanga sauti zote za bendi ile kubwa ni mwanamke, Melba Liston, mpiga tromboni, na kwa maoni yangu yeye ndiye anayestahili nusu ya sifa. Sikiliza jinsi anavyoziacha ngoma zizungumze zenyewe kwanza, ndipo vyombo vya kupuliza viingie. Serikali ya makaburu iliipiga marufuku Afrika Kusini mwaka 1964. Ukiniuliza albamu moja ya jazi inayopaswa kuwa katika kila nyumba ya Mswahili mwenye mashine, ni hii, wala simo katika mjadala.

Hiyo ya Hancock ni kizazi kilichofuata. Los Angeles miaka ya 1960 palikuwa na chama cha Maulana Karenga, huyo huyo aliyeanzisha sikukuu ya Kwanzaa mwaka 1966, na falsafa yao wakaiita Kawaida. Kijana mmoja wa chama hicho, James Mtume, alikuwa mwana wa mpiga saksafoni Jimmy Heath. Yeye ndiye aliyewagawia wanamuziki majina: Hancock akawa Mwandishi, Buster Williams akawa Mchezaji, Billy Hart akawa Jabali, na Eddie Henderson, ambaye kweli alikuwa daktari wa hospitali, akawa Mganga. Desemba 1969, Mtume, Hancock na Williams walishiriki kurekodi albamu ya *Kawaida* chini ya ami yake Mtume, Albert Heath. Ndiyo iliyosahauliwa kuliko zote, na ndiyo yenye joto zaidi.

*Mwandishi* yenyewe, ya 1971, ina nyimbo tatu tu, na wimbo wa kwanza aliutoa kwa heshima ya mwanaharakati Angela Davis. Haikuuza. Hancock akabadili njia, akatoa *Head Hunters* mwaka 1973 ikauza zaidi ya nakala milioni. Simlaumu, mtu anakula. Lakini sijawahi kuichosha *Mwandishi* kwa kuisikiliza, na hiyo nyingine nimeichosha.

Mie ni mtu wa taarabu, nimelelewa na sauti ya Bi Shakila. Jazi naiona makelele. Kuna yenye udi na kanuni? (Mama wa Ngamiani)

Ipo, mama, tena ya zamani. Tafuta *Jazz Sahara* ya Ahmed Abdul-Malik, iliyorekodiwa 1958. Bwana huyu alikuwa mpiga besi wa mpiga piano Thelonious Monk, na aliupiga udi pia. Humo mna kanuni, fidla, dumbaki na dufu, na katikati yao anasimama Johnny Griffin na saksafoni. Nyimbo nne tu, ndefu. Zinaanza kama taarabu inavyoanza, kwa vyombo kusalimiana, na Griffin anaingia kwa adabu kama mgeni aliyebisha hodi. Hiyo haitakuudhi. Ukiipenda, nenda kwa Dorothy Ashby aliyepiga kinubi, kisha ndipo Alice Coltrane: katika *Journey in Satchidananda* ya 1971 kuna wimbo mmoja wenye udi. Usianze na huo.

Na nikukumbushe kwamba Black Star ya hapa Tanga, aliyoimbia Bi Shakila, nayo iliingiza gitaa la umeme kwenye taarabu.

Jamhuri Jazz na Atomic Jazz zilikuwa jazi? (Shabiki wa zamani, Mikanjuni)

Kwa maana ya Marekani, hapana. Hapa "Jazz" lilikuwa jina la bendi ya dansi yenye vyombo vya kizungu tangu Dar es Salaam Jazz ya 1932. Mafunzo yao mengi yalitoka Cuba, kupitia santuri za kampuni ya HMV zilizouzwa Afrika kwa namba zinazoanza na GV. Jamhuri ilianza kama Young Nyamwezi, kwa watu walioletwa Tanga na mkonge, na humo ndimo walimopitia ndugu wa Kinyonga kabla ya kuvuka kwenda Kenya na bendi yao ya Simba Wanyika. Sizichanganyi kwenye rafu moja na Monk. Rafu yao iko juu zaidi.

Santuri zangu zimeota ukungu. Nifanyeje? (Raskazone)

Bahari hiyo. Tupa mifuko ya ndani ya karatasi, ndiyo inayohifadhi unyevu. Osha kwa kitambaa laini na maji ya betri ya vituo vya mafuta (maji, si asidi) yenye tone la sabuni ya vyombo, ukifuata mifereji kwa mzunguko, karatasi ya katikati isilowe. Suuza, kausha kivulini mpaka zikauke kweli. Zisimamishe wima, mbali na ukuta wa nje na dirisha la jua. Zile nzito za kasi ya mizunguko 78 kwa dakika usiziguse kwa spiriti. Zimetengenezwa kwa utomvu wa wadudu na spiriti huuyeyusha. Pia zina sindano yake, pana zaidi.

Kusikiliza kwenye simu ni dhambi? (Mwanafunzi)

La. Ila tumia spika za masikioni, maana spika ya simu haina besi, na bila besi hizi nyimbo hazisimami.

Baba ametuachia kasha: santuri ndogo za Jamhuri na Atomic kama thelathini, na Louis Armstrong moja kubwa. Mnunuzi anataka Armstrong tu, hizo nyingine anasema atazichukua bure atupunguzie mzigo. (Familia moja, Muheza)

Poleni kwa msiba. Mpeni huyo Armstrong kwa bei yoyote. Nakala zake zimejaa duniani. Hizo ndogo zilifyatuliwa chache Nairobi, na wakusanyaji wa Ulaya wanazitafuta usiku na mchana. Naye anajua, ndiyo maana anazitaka bure. Ziorodhesheni kwa namba zilizo kwenye lebo, mtafute wa kuzinakili kwa kompyuta zote, pande mbili mbili, kisha ndipo muulizane kama mnauza.