Barua kwa mwanangu: kuhusu unga, mtaji na majina ya watu

Mwanangu, marahaba. Meseji yako nimeisoma. Unasema kamati ya diakonia ya usharika wenu hapo Tabata mmepata hela kidogo ya Krismasi na sasa mmegawanyika, wengine wanataka mgawe unga, mchele na mafuta kwa familia zenye shida, wengine wanasema hapana, tuwape wale kina mama mtaji wa genge na maandazi, na wewe katibu unataka mama yako aseme upi ndio msaada wenyewe. Nitakujibu. Ila ngoja kwanza nikuulize mimi, hayo majina ya hizo familia mmeyapataje, na mtayasoma wapi? Maana naona mnabishana kuhusu gunia wakati shida iko kwenye karatasi ya majina.

Wewe ulikuwa bado mgongoni hujui. Dada yako anajua, ndio maana mkianza habari za sikukuu ya mavuno anaondoka sebuleni.

Ilikuwa 2001, ile miaka bei ya kahawa imeanguka mpaka watu wanang'oa mibuni wanapanda nyanya, na baba yenu amelazwa hospitali ya KCMC kule Moshi na lile goti, hana kazi, hana dalili ya kutoka. Usharika niliokuwa nasali wakati ule siutaji. Matangazo yakaisha, mzee mmoja akasimama na karatasi akasema sasa tunaomba familia zetu zenye uhitaji zipite mbele. Mimi nimekaa nyuma na kitenge changu kizuri, nasikia jina la baba yenu linasomwa, kamili, na la babu yenu juu yake. Nikapita na dada yako. Tukapewa ndoo, ndani sukari, unga, mche wa sabuni, alafu tukaambiwa tugeuke tuwaangalie washarika, kwaya ikaimba. Dada yako yuko darasa la sita na kwaya ya watoto iliyokaa pale mbele ni wenzake wa darasa. Jumatatu shuleni akaitwa Ndoo, na jina likakaa mpaka anamaliza la saba.

Sukari tulikunywa, nisiwe mnafiki. Na waliotoa walitoa kwa moyo, kuna mama pale najua alitoa ile ya kwake ya nyumbani. Lakini hakuna hata mmoja aliyeniuliza mama una shida gani. Wangeuliza ningewaambia shida yangu ni majani.

Ndio, majani ya ng'ombe. Yule ng'ombe mweusi ndio alikuwa baba wa nyumba mwaka ule, maziwa yake ndio nauli ya kwenda hospitali, ndio madaftari, ndio mafuta ya taa, na kiangazi huku juu hakuna majani, unashuka tambarare kuyatafuta na ukipanda na mzigo kichwani jua limezama, sasa wodini nani anaenda? Basi jioni moja akaja yule mama jirani yetu wa chini, Mwislamu, Mungu amrehemu, hata salamu hakumaliza vizuri akaniuliza, mama, kesho nikupunguzie nini? Nikasema majani. Akaenda kuongea na wamama wa jumuiya yetu, sijui walikaa wapi, sijui zamu walipangaje, mimi ninachojua ni kwamba nikirudi kutoka KCMC nakuta mzigo umeegeshwa nyuma ya banda, mpaka baba yenu akatoka. Hakuna aliyeimba. Mpaka leo sijui mzigo upi aliuleta nani na wao hawajawahi kuniambia.

Kwahiyo ukiniandikia kwamba kuna mjumbe anasema hela ya kanisa isiende kwa wasio washarika mimi presha inapanda. Yule mama alibeba kichwani majani ya ng'ombe wa Wakristo, na sikukuu ya mavuno haikuwa yake.

Sasa usije ukasema mama anataka kila kitu kiwe siri. Nimelifikiria hilo nalo na halikai sawa. Siri nayo inakula watu. Hela ya wajane ikipita kwenye mkono wa mtu mmoja, gizani, mwisho wa mwaka wajane hawajaona kitu na yeye amepaua nyumba, hayo nimeyaona. Hata TASAF, ule mfuko wa serikali wa kusaidia maskini, wanapeleka majina ya kaya maskini kwenye mkutano wa kijiji, na nilikuwa nakasirika, nikisema ndio yale yale, ila siku moja likasomwa jina la mtu ana maduka mawili na watu wakapiga kelele likafutwa. Nani angelifuta kama lingebaki kwenye droo? Hapo nilinyamaza. Lakini pia kwenye mkutano huo huo kulikuwa na bibi mmoja anaangalia chini muda wote jina lake likijadiliwa, kama ana wajukuu wangapi, kama mtoto wake wa Arusha anatuma hela au hatumi. Kwahiyo sijui. Yani najua, ila sijui.

Kanisani angalau tuna Matendo sura ya 6, nenda kasome na kamati yako yote. Wajane wa Wayahudi wa Kiyunani walikuwa wanasahaulika kwenye huduma ya kila siku, watu wakanung'unika, mitume wakasema chagueni watu saba. Wale saba wameandikwa wote, Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, Nikolao. Mjane hata mmoja hajatajwa jina. Hiyo ndio kamati. Majina yenu ninyi, hesabu zenu, risiti zenu, bandikeni mlangoni kila mtu asome, mwanakamati ajulikane mpaka anapoishi. Ya wanaopewa yabaki kwa watu wachache mnaoaminika, na hao wachache wabadilike kila mwaka. Na zile picha za kurusha kwenye grupu la usharika, mtu ameshika unga amekunja uso, acheni kabisa. Mpigeni picha mweka hazina na risiti zake, yeye alichaguliwa.

Nina jingine. Desemba kila mtu anatoa, mjane mmoja analetewa mchele na makanisa mawili, alafu Januari inakuja hakuna anayebisha hodi. Ada ya sekondari za serikali, kidato cha kwanza mpaka cha nne, ilifutwa tangu 2016 sawa, ila sare haijafutwa, viatu havijafutwa, madaftari na michango ndio kabisa. Au bima ya afya, huku kwetu ile ya jamii, CHF iliyoboreshwa, ilikuwa 30,000 kwa kaya ya watu sita kwa mwaka mzima, na kuna nyumba zilikuwa zinashindwa hiyo huku kanisani yai moja la sadaka linanadiwa mnadani mpaka elfu tano tunacheka. Sio kwamba naukataa mnada. Mnada naupenda. Kuna mzee wetu hapa anapandisha bei ya mkungu wa ndizi mpaka watu wanapiga vigelegele, akishanunua anasema huu mpelekeeni mama fulani, wiki nyingine mchungaji, wiki nyingine mtoto wa mtu mwenye pesa zake, kwahiyo yule mwenye shida akipewa yuko katikati ya wengine, anacheka kama wengine. Mimi nadhani yule mzee anajua anachofanya ila ukimuuliza anakwambia napenda tu ushindani.

Kwahiyo waendeeni nyumbani kwanza, wawili wawili, bila karatasi, muulize nikupunguzie nini. Kuna atakayesema unga na mpeni unga bila kumhubiria habari za ujasiriamali, mwenye mgonjwa ndani hawezi kukaa gengeni. Kuna atakayesema kodi ya chumba. Kuna atakayesema nikalieni na mtoto siku moja nilale.

Unga au mtaji basi, najua unasubiri. Mimi siko Tabata, hizo familia sizijui, na kamati ni yako, wakisikia mama yako wa Machame ndio ameamua hawatakuheshimu. Kwahiyo nanyamaza. Ukinibana sana nitasema mtaji, kwa wale wawili ulioniambia tayari wana meza barabarani, na uwe wa kuwapa sio wa kuwakopesha. Lakini sijasema.