Jibu: Nianze na karate, taekwondo ama judo?

Kaka, umesema hujawahi fanya mazoezi na unataka kuchagua kati ya hizo tatu. Mi ningeangalia kocha kwanza, jina la mchezo baadaye. Taekwondo ni mateke sana, judo haina ngumi wala teke, ni kushikana na kuangushana, na mapema kabisa unafunzwa kuanguka bila kuumia, hiyo hata ukiteleza kwa ngazi za ploti itakusaidia. Enda ukae pembeni uone darasa nzima kabla ulipe, kocha akikataa we toka. Klabu yangu ya kwanza huku Eastlands, Nairobi, niliwekwa nifanye mazoezi na mtu wa mkanda mweusi, yaani mzoefu kabisa, wiki ya kwanza, goti likaniuma miezi tatu na hakuna aliyeuliza. Na utafute karibu na kwenu, jam ya jioni itakuchosha uache.