Wasomaji Wanauliza: Kupingana na vigogo wa chama ukiwa ndani ya chama

Ndugu Mhariri, nasikia Marekani mtu asiyetakiwa na wakubwa wa chama anaweza kuwashinda na bado akawa mgombea wa chama hichohicho. Inawezekanaje? Huku Tanzania angekatwa jina mapema. (Msomaji, Kasulu)

Inawezekana kwa sababu kule kura za maoni, yaani za kumpata mgombea wa chama, huendeshwa kwa sheria za kila jimbo, kama Texas au Virginia, na mshindi ndiye anayeandikwa kwenye karatasi ya Novemba. Makao makuu ya chama hayana kalamu ya kumfuta.

Mfano mzuri ni Ron Paul, daktari wa uzazi wa Texas aliyeshikilia kwamba serikali kuu isifanye jambo ambalo katiba haikuipa. Mwaka 1996 viongozi wa chama chake cha Republican walimuunga mkono mbunge aliyekuwepo, Greg Laughlin, aliyehamia kwao kutoka Democratic mwaka mmoja kabla. Duru ya kwanza Laughlin aliongoza, Paul akawa wa pili. Kwa kuwa hakuna aliyevuka nusu ya kura, sheria ya Texas ikalazimisha duru ya pili, na humo Paul akashinda. Kama aliyeongoza angetangazwa palepale, kura za waliomkataa Laughlin zingebaki zimegawanyika na yeye angepita.

Mwaka 2014 huko Virginia, Dave Brat, mwalimu wa uchumi wa chuo, alimwangusha Eric Cantor, kiongozi wa walio wengi bungeni, kwa takriban asilimia 56 ya kura. Cantor alitumia mamilioni ya dola, Brat kiasi cha laki mbili. Kura za maoni huvuta watu wachache, kwa hiyo kundi dogo lenye ari linaweza kuzidi fedha nyingi. Mbunge Thomas Massie wa Kentucky naye, mwaka 2020, Rais Trump alitaka atupwe nje ya chama kwa kupinga jinsi dola trilioni mbili za korona zilivyopitishwa; miezi michache baadaye wanachama wakamrudisha kwa zaidi ya asilimia 80.

Mimi ni mwanachama wa CCM, nataka ubunge kwa msimamo wa kuheshimu katiba na kubana matumizi ya serikali. Nianzie wapi? Nikikatwa, naweza kusimama binafsi? (Msomaji, Urambo)

Binafsi huwezi. Ibara ya 67 ya Katiba inataka mgombea ubunge awe mwanachama aliyependekezwa na chama. Mchungaji Mtikila aliipigania hoja hii miaka mingi: Mahakama ya Rufani ilikataa mwaka 2010, Mahakama ya Afrika, Arusha, ikampa haki mwaka 2013, lakini Katiba haikubadilishwa.

Kwa hiyo anza na katiba ya chama na kanuni za uteuzi, toleo la mwaka huo wa uchaguzi. Tafuta majibu matatu: nani anapiga kura, nani anatoa mapendekezo, nani anateua. Kanuni hubadilika. Mwaka 2015 walipiga kura wanachama kwenye matawi. Mwaka 2020 walikuwa wajumbe wa mkutano wa jimbo, na ndipo ulipoenea msemo kwamba wajumbe si watu. Aliyejiandaa kwa maelfu ya wanachama akakuta mamia ya wajumbe alikuwa amepoteza muda wake. Tena mwaka huo baadhi ya walioongoza hawakuteuliwa, kwa sababu kura zile ni ushauri kwa vikao vya juu.

Usimpe mjumbe hata nauli. Mtu anayehubiri matumizi halali ya fedha za umma akikamatwa na bahasha amewapa wapinzani wake sababu safi ya kumkata, na kwa maoni yetu watakuwa sahihi.

Mbunge akifukuzwa chama, kiti kinabaki? (Msomaji, Ujiji)

Hapana, Ibara ya 71 inamvua. Marekani ni tofauti: Justin Amash wa Michigan aliihama Republican Julai 2019, akabaki mbunge mpaka muda wake ulipoisha Januari 2021. Hapa David Kafulila wa Kigoma Kusini, alipofukuzwa NCCR-Mageuzi mwaka 2011, ilibidi akimbilie mahakamani kuzuia utekelezaji. Zitto Kabwe alifanya vivyo hivyo dhidi ya CHADEMA, mwishowe akatoka na kushinda Kigoma Mjini mwaka 2015 kwa ACT-Wazalendo. Zuio la mahakama huombwa haraka, kabla barua ya chama haijafanyiwa kazi na Spika.

Serikali yenye mipaka ina maana ya kufunga zahanati? (Msomaji, Nzega)

La. Maana yake kila mamlaka ionyeshe sheria inayoipa nguvu. Ibara ya 138 inasema kodi haitozwi bila sheria. Ukisimamishwa kwenye kizuizi cha barabarani ukiwa na magunia yako, uliza ushuru huo unatoka kwenye sheria gani au sheria ndogo gani ya halmashauri, na udai stakabadhi. Mgombea anayejiita mtetezi wa katiba mwulize pia ni hoja ipi ya ripoti ya CAG (Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali) kuhusu halmashauri yenu ataifuatilia kwanza. Asiyeijua hata moja, hajaifungua ripoti.