Gari likigoma njiani, karavani itabaki na nani?

SWALI: Ndugu Mshauri, salaam. Ninaishi Coventry, Uingereza, kwa mwaka wa kumi na tatu sasa. Mwaka huu mimi na mke wangu tumenunua karavani iliyotumika, yaani nyumba ndogo ya kuvutwa na gari, na mwezi wa Agosti tunakusudia kuivuta kutoka Calais hadi pwani ya Costa Brava, Hispania, pamoja na watoto wetu watatu, kwa muda wa wiki tatu. Gari langu lina bima kubwa, benki yangu inanipa bima ya safari kama sehemu ya akaunti, na nimejiunga na kampuni inayosaidia magari yanayoharibika njiani hapa Uingereza. Rafiki yangu anasema hayo yanatosha na kwamba nikikata bima nyingine nitakuwa natupa pesa. Mke wangu bado anatumia pasipoti ya Tanzania. Nikate bima ipi, na nianze na ipi?
Msomaji, Coventry

JIBU: Ndugu yangu, rafiki yako anakutakia mema, lakini amehesabu bima ulizonazo bila kuangalia kila moja inaishia wapi. Una mikataba mitatu iliyoandikwa na kampuni tatu zisizojuana, na yawezekana kabisa kwamba karavani yako haikutajwa katika hata mmoja. Kabla hujauliza bei, iulize kila kampuni maswali mawili na udai jibu la maandishi. Gari likigoma katikati ya Ufaransa, nani ataichukua karavani, ataipeleka wapi, na kwa gharama ya nani? Na karavani ikivunjika ekseli, gari na watoto watasubiri wapi, na kwa siku ngapi?

Nianze na bima ya gari. Tangu tarehe 2 Agosti 2021, gari lililosajiliwa Uingereza halihitaji tena kadi ya kijani ili kuingia nchi za Umoja wa Ulaya, ingawa kadi hiyo bado inatakiwa kwa anayekwenda Morocco au Uturuki. Waliowahi kuvuka Tunduma au Namanga na gari lao watailinganisha na kadi ya njano ya COMESA: ni uthibitisho kwamba ukimgonga mtu ugenini, atalipwa. Hauhusu gari lako wewe. Hapo ndipo wengi hukosea, kwa sababu mikataba mingi huihesabu bima kubwa kuwa kubwa ndani ya Uingereza peke yake, na ukishashuka Calais inashuka nayo, ikabaki ile bima ndogo inayotakiwa na sheria. Mingine huendelea kuwa kubwa, lakini kwa idadi maalumu ya siku. Ipigie simu kampuni yako, taja tarehe ya kuondoka na ya kurudi, sema wazi kwamba utakuwa unavuta karavani, kisha omba barua.

Karavani nayo ina habari yake. Inapokuwa imeshikizwa kwenye gari, bima ya gari huwa inalipa madhara ambayo karavani imewafanyia wengine, lakini karavani yenyewe ikipinduka, ikiungua au ikiibwa, bima hiyo hailipi chochote. Sheria ya Uingereza haikulazimishi kuikatia bima yake, lakini mimi nisingevuka bahari bila hiyo. Uliza kama watakulipa bei ya karavani mpya au thamani yake ya sasa, na usome kwa makini masharti ya ulinzi, kwa maana mikataba mingi hudai kufuli kwenye kiungo na kizuizi kwenye gurudumu kila unapoiacha, na mingine haifidii wizi uliotokea ukiwa umelala kwenye maegesho ya barabara kuu. Barabara za kaskazini mashariki ya Hispania zina wezi wanaoyalenga magari yenye namba za kigeni, wakikupungia mkono kana kwamba tairi lako lina pancha ili usimame. Usisimame hapo, endelea polepole hadi kituo cha mafuta chenye watu.

Sasa nifike kwenye msaada wa njiani, ambako ndiko familia nyingi huumia. Mwaka 2019 tulikuwa kwenye barabara ya A7, kusini ya Lyon, nilipoona moshi mwembamba kwenye kioo cha pembeni na kusikia harufu ya grisi inayoungua. Beringi ya gurudumu la kushoto la karavani ilikuwa imekwisha. Tuliwasha taa za tahadhari, tukavaa vizibao vya kuakisi mwanga, tukawapitisha watoto nyuma ya kingo za chuma, nami nikatembea hadi kwenye nguzo ya simu ya rangi ya chungwa. Katika barabara za kulipia za Ufaransa, kampuni yako ya Uingereza hairuhusiwi kukutumia gari la kuvuta. Unatumia simu ile ya barabarani, au unapiga 112, na anayekuja ni fundi aliyeidhinishwa, ambaye bei yake imepangwa na serikali na hupanda usiku, siku za mwisho wa wiki na sikukuu. Unamlipa mwenyewe papo hapo, unachukua risiti, na kampuni yako inakurudishia baadaye. Huduma yao huanza pale ulipokwisha kutolewa kwenye barabara kuu.

Fundi alikuja mapema na alitutendea kwa upole. Shida ilianza nilipoipigia kampuni yangu simu, na yule dada aliyepokea akaniuliza karavani ina urefu gani. Nilimjibu mita 6, kama ilivyoandikwa kwenye kipeperushi cha muuzaji. Akauliza kama hizo mita zinahesabu na ule mkono wa mbele unaoshika gari. Nilipopima kwa futi ya fundi, kutoka taa za nyuma hadi kwenye kichwa cha mkono huo, tulipata mita 7 na sentimita 30, na mkataba wangu uliishia mita 7 kwa urefu wote. Matengenezo, maegesho ya siku mbili na kuvutwa hadi kambini nililipa mwenyewe. Kwa hiyo nakuomba, jioni ya leo, toka na futi ukaipime karavani yako kwa namna zote mbili, kisha usome mkataba unapima kwa namna ipi. Pima pia uzito wake ikiwa na maji, gesi, viti na baiskeli za watoto, kwa sababu karavani iliyozidi uzito ulioandikwa kwenye kibao chake inaipa kampuni sababu ya kukataa dai lako.

Katika mkataba huohuo kuna kifungu cha gari la kukodi, nacho husomeka vizuri sana mpaka siku unapokihitaji. Kampuni hukuahidi gari la kuendelea na safari, lakini magari ya kukodi ni nadra kuwa na ndoano ya kuvutia tela, na mikataba mingi ya ukodishaji inakataza kuvuta chochote. Unaweza basi kujikuta una gari dogo, watoto watatu, na karavani imebaki uani kwa fundi kilomita 600 kutoka baharini. Tafuta mkataba unaosema waziwazi kwamba karavani itapelekwa kambini ulikokuwa unakwenda au itarudishwa Uingereza, na kwamba, gari likishindikana, watakupa dereva au lori la kuivuta. Bima zilizotungwa kwa ajili ya watu wa karavani, kama Red Pennant ya Caravan and Motorhome Club, huuzwa kwa wanachama na mara nyingi bei yake hupita ile ya bima za kawaida. Sikuambii lazima ukate hiyo, lakini itumie kama kipimo: chukua kifungu chake cha karavani, kisha iulize kampuni ya bei nafuu kama nayo inatoa hivyo.

Angalia pia ukomo wa umri wa gari, na kiwango cha gharama ya kulirudisha nyumbani, ambacho kwa kawaida hakivuki thamani ya gari lenyewe. Gari la zamani linaweza kuachwa hukohuko. Kumbuka kwamba msaada wa njiani hugharimia kuvutwa, na mara nyingine ufundi kidogo, lakini vipuri ni juu yako. Beba tairi la akiba la karavani, maana wapo wanaokataa kukuhudumia ukiwa huna. Na kwa kuwa unasafiri Agosti, ujue kwamba gereji nyingi za Ufaransa hufungwa kwa likizo mwezi huo, na tarehe 15 ni sikukuu ya kitaifa. Ukomo wa siku tatu za hoteli, unaoonekana mkubwa ukiwa Coventry, unaweza kuisha kabla kipuri hakijaagizwa.

Bima ya safari ya benki huenda ikakufaa, lakini soma nani anahesabiwa kuwa mwanafamilia na safari moja isizidi siku ngapi. Kwa mke wako jambo hili lina uzito zaidi. Kwa pasipoti ya Tanzania atahitaji viza ya Schengen, ile viza moja inayotumiwa na nchi nyingi za Ulaya, zikiwamo Ufaransa na Hispania, na kanuni za viza hiyo zinataka bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000, inayotumika katika nchi zote za Schengen na inayogharimia kurudishwa nyumbani kwa ugonjwa au kifo. Omba benki ikupe barua yenye jina lake, tarehe za safari na kiwango hicho. Ikisita, mkatie bima yake pekee. Kadi ya matibabu ya GHIC, inayotolewa bure na NHS, huduma ya afya ya serikali ya Uingereza, kila mmoja wenu aiombe. Itawafikisha kwenye hospitali za serikali kwa masharti yaleyale ya wenyeji, lakini haimrudishi mgonjwa Uingereza na haikubaliki badala ya bima ya viza. Tovuti zinazodai malipo ili kukuombea kadi hiyo ziepuke.

Kuhusu uanze na ipi: anza na msaada wa njiani, kwa kuwa ndio utakaokuambia kama gari na karavani ulizonazo zinakubalika kwa umri, urefu na uzito. Bima ya safari ikate siku ileile unapolipia feri na kambi, ianze kufanya kazi tangu siku hiyo, ili mtu akiugua Julai mrudishiwe gharama. Kwa kawaida una siku 14 za kuufuta mkataba baada ya kuupokea. Zitumie kuusoma wote.

SWALI: Shikamoo Mshauri. Mama yangu mzazi, mwenye miaka 71, anakuja kututembelea kutoka Tanga, nasi tungependa kumchukua kwenye karavani kwenda Ufaransa kwa siku kumi. Ana presha na kisukari. Je, ninaweza kumwongeza kwenye bima ya familia yetu?
Msomaji, Milton Keynes

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kwa kawaida haiwezekani, hata kama kampuni itapokea jina lake na pesa zako bila kuuliza. Bima za safari zinazouzwa Uingereza nyingi huandikwa kwa wakazi wa Uingereza, na mgeni wa viza ya matembezi si mkazi. Dai lake litakataliwa siku ambayo hutaki kusikia neno hilo.

Mama akatiwe bima yake Tanzania kabla hajapanda ndege, kwa maana mikataba mingi haikubali kuanza safari ikiwa imeshaanza. Iwe inataja Uingereza na nchi za Schengen, ifikie zile euro 30,000, na ukomo wake wa umri uzidi miaka 71. Ombi la viza ya Schengen nalo kwa kawaida huwasilishwa katika nchi ambako mwombaji anaishi, basi lishughulikiwe akiwa bado nyumbani, na hakikisheni viza yake ya Uingereza inamruhusu kutoka na kuingia tena.

Presha na kisukari vitajwe vyote viwili, pamoja na kila dawa anayotumia na mabadiliko yoyote ya dozi ya miezi ya karibuni. Najua wazee wetu wengi hawapendi kusema maradhi yao mbele ya karani, na wengine huona kwamba ugonjwa unaotulizwa kwa vidonge si ugonjwa tena. Mweleze kwa upole kwamba fomu hii inamlinda yeye. Kisha geukia mkataba wenu wenyewe: mikataba mingi hulipa mkilazimika kukatisha likizo kwa sababu ndugu wa karibu ameugua, lakini huondoa ugonjwa ambao ndugu huyo alikuwa nao tangu awali. Msaada wa njiani ni jambo jepesi zaidi, kwani kwa kawaida huwahusu wote waliomo garini, ilimradi kila mmoja ana kiti na mkanda wake.

SWALI: Ndugu Mshauri, mwaka jana gari letu liliharibika klachi tukiwa na karavani karibu na Bordeaux. Kampuni imekataa kulipa kwa madai kwamba gari halikuwa limefanyiwa sevisi, ilhali lilifanyiwa. Je, nimwachie Mungu?
Msomaji, Reading

JIBU: Ndugu yangu, usiache haki yako. Waandikie malalamiko rasmi, ukiambatisha risiti za sevisi, cheti cha ukaguzi wa gari na maelezo ya gereji ya Bordeaux kuhusu chanzo cha hitilafu. Wana wiki 8 za kukupa jibu la mwisho. Wakikukatalia, au muda huo ukapita kimya, peleka shauri kwa Financial Ombudsman Service, msuluhishi wa migogoro kati ya wateja na kampuni za fedha na bima Uingereza, ambaye hamtozi mlalamikaji chochote. Hata kama ulikosea kujibu swali fulani ulipokata bima, sheria ya mwaka 2012 inatofautisha kosa la kutokuwa makini na udanganyifu wa makusudi, na kwa kosa la kwanza kampuni mara nyingi hulazimika kulipa sehemu ya dai. Muda wa kwenda kwa msuluhishi huyo ni miezi 6 tangu tarehe iliyo kwenye barua yao ya mwisho, na kwa kuwa tukio lako ni la mwaka jana, itafute barua hiyo leo uone umebakiwa na siku ngapi.