Shimo moja limeoza, la pili bado: kulikoni?

SWALI: Shikamoo Bwana Shamba. Nalima mahindi na maharage huku Lushoto. Nilichimba mashimo mawili ya mboji siku moja. La kwanza nililijaza alizeti pori, ile yenye maua ya njano inayoota kando ya barabara. La pili nilitia mabua ya mahindi na majani makavu ya mgrivea niliyofagia. Maji nilimwagia sawasawa. La kwanza limeshakuwa jeusi na laini, ila la pili majani bado yanahesabika. Jirani anasema nilichimba vibaya. Je, nilifukie hivyohivyo kwenye mahindi?
Mama mkulima, Lushoto

JIBU: Marahaba, mama. Shimo halina kosa lolote. Tofauti imo ndani ya jani.

Alizeti pori hukua upesi wala haijengi jani la kudumu. Jani lake ni laini, na likikauka lina nitrojeni kama asilimia 3.5. Bakteria na kuvu hujenga miili yao kwa nitrojeni hiyo, ndiyo maana hulivamia mara moja. Jani la mgrivea ni gumu, limejaa lignini, kile kinachoupa mti ugumu wa mbao. Kilicholilinda likiwa hai ndicho kinacholichelewesha kuoza. Tena wewe ulifagia yaliyoanguka yenyewe, na mti huvuta sehemu kubwa ya nitrojeni yake kabla ya kuangusha jani. Mabua nayo nitrojeni yake kwa kawaida haifiki asilimia 1.

Wengi hudhani kila jani la jamii ya mikunde huoza haraka. Sivyo. Kaliandra tunayolishia mbuzi ina nitrojeni nyingi, lakini tanini yake hushikana na protini, vijidudu visiifaidi upesi. Tanini ndiyo inayoleta ukakasi, kama ule wa ganda la ndizi mbichi. Lignini ijaribu kwa mkono: jani kavu likisagika viganjani ni chache, likibaki nyuzinyuzi ni nyingi. (Usionje jani usilolijua, tafadhali.) Kipimo cha wataalamu ni hiki: nitrojeni izidi asilimia 2.5, lignini isifike 15 na polifenoli, kundi la tanini, zisifike 4. Jani la namna hiyo lifukie shambani moja kwa moja.

Kwa hiyo nakusihi, la pili usilifukie kwenye mahindi sasa. Vijidudu vitanyonya nitrojeni ya udongo ili vimalizie kazi, na mahindi yataanza kuwa njano kuanzia majani ya chini. Toa mabua, yakatekate kwa panga, uyapange upya tabaka kwa tabaka na alizeti pori mbichi au samadi ya mbuzi, kisha uwe unageuza.

Mgrivea itandaze chini ya migomba au kahawa. Kwa miteremko yenu, jani linalochelewa kuoza ni faida kubwa: hupunguza nguvu ya matone ya mvua na kuzuia udongo usiteremke. Acha tu nafasi kidogo kuzunguka shina, mchwa wasipate njia.