Mbwa wako anakojoa ndani kwa sababu nje anaogopa

Alikuja na jina lake: Bosi. Mtu mmoja wa Bamburi alikuwa anahama nchi na hakuwa na pa kumwacha mbwa wake wa ulinzi, nami nikajitolea. Nilitarajia jibwa la kubweka. Kilichoteremshwa kwenye tuktuk ni kiumbe kilichokunja mkia hadi tumboni, kikabebwa ngazi zote hadi kwangu Mtopanga, ghorofa ya pili, kikakojoa katikati ya sebule kabla sijavua viatu.

Wiki ya kwanza nilipiga deki mara nne, mara tano kwa siku. Anayeishi Mombasa anaelewa. Maji ya mfereji huja siku yakitaka, mengine unanunua kwa mtungi kutoka kwa wa mkokoteni, halafu nusu ya mtungi inaishia kwenye mkojo wa mbwa. Ndugu yangu mmoja, mjuzi wa kila kitu, akanishauri nimsugue pua palepale kisha nimzabe kofi. Nilimsikiliza, na mpaka leo naona haya kuandika hivyo. Bosi hakuacha kukojoa ndani. Aliacha kukojoa nikiwapo. Nikawa naukuta nyuma ya friji, naukuta chini ya kitanda, na nikimtoa nje anasimama kama nguzo dakika 40 asitoe hata tone. Kumbe nilikuwa nimemfunza vizuri kabisa kwamba ukikojoa mbele ya mtu huyu unapigwa. Na huko nje aliyeshika kamba ni nani? Ni mimi. Angekojoaje?

Kama umefikia hapo na mbwa wako, acha leo. Na ile sura ya "najua nimekosa" unayoiona ukirudi nyumbani isikudanganye. Mtafiti wa New York, Alexandra Horowitz, aliichunguza katika utafiti uliochapishwa mwaka 2009 akaona kwamba mbwa huitoa anapokaripiwa, awe amekosa au hajakosa. Anasoma uso wako tu.

Daktari wa mifugo ndiye angekuwa wa kwanza, lakini mimi nilichelewa wiki mbili. Maambukizi ya njia ya mkojo, kisukari, ugonjwa wa figo, yote humfanya mbwa mzima ashindwe kujizuia, na mafunzo hayatibu figo. Nilimvizia Bosi kwa upawa (usiulize), nikapeleka mkojo kwenye kichupa safi, ukapimwa, ukawa sawa. Akachomwa na chanjo ya kichaa cha mbwa siku hiyohiyo. Basi tatizo halikuwa kwenye kibofu.

Lilikuwa kwenye nyayo, na kwenye masikio.

Nyayo kwanza. Mbwa huzoea choo kwa kukanyaga. Aina ya ardhi aliyokuwa akijisaidia juu yake tangu utotoni ndiyo inayomwambia "hapa ndipo". Niliuliza maisha ya Bosi yalikuwaje, nikaambiwa kama ya mbwa wengi wa ulinzi hapa kwetu: mchana kwenye banda la saruji, usiku anafunguliwa azunguke uani. Yaani kwa muda wa saa 12 kila siku choo chake kilikuwa saruji, na sebule yangu ni saruji tupu iliyopakwa rangi nyekundu. Mimi naona sebule, yeye anaona banda lenye kochi.

Lakini ule ua wa Bamburi ulikuwa wa mchanga, na hilo ndilo lililotuokoa. Nilimwomba fundi aliyekuwa akijenga jirani anipe mchanga, nikajaza karai, nikaliweka roshani na kufukia ndani yake kitambaa kilicholowa mkojo wake. Siku mbili akalikwepa. Ya tatu, alfajiri, akalizunguka, akanusa, akainua mguu. Nilikuwa na kipande cha ini lililochemshwa mkononi, akalipata papo hapo, kabla hajashusha mguu vizuri. Ukisubiri mpaka mrudi jikoni umemlipa kwa kutembea hadi jikoni. Kisha karai likaanza safari. Siku tatu roshani, siku tatu mlangoni, siku kadhaa chini ya ngazi, mwishowe chini ya mwarobaini nyuma ya ploti. Hapo nikaumwaga mchanga chini na karai likarudi kwa kazi yake. Safari yote ilichukua kama wiki tatu, pamoja na siku mbili nilizolisogeza haraka mno ikabidi nilirudishe nyuma.

Masikio ndiyo kazi kubwa. Mbwa mwenye hofu hubana. Unamzungusha nusu saa, bodaboda inapita, matatu inapiga honi, watoto wanamrushia maneno, yeye amebana tu. Akivuka kizingiti chako na kusikia kimya, mwili unalegea na kibofu nacho kinafunguka. Ukimwona hivyo utaapa amekusudia. Mimi niliapa. Siku nilipoelewa kwamba anakojoa ndani kwa sababu ndani ndipo anapojisikia salama, hasira ilinitoka, na nusu ya kazi ikawa imekwisha.

Kwa hiyo nilibadilisha saa, siyo mbwa. Saa kumi na moja alfajiri, kabla barabara haijaamka, na tena usiku baada ya saa nne. Mchana nilimshusha kila alipoamka na kila alipomaliza kula, mahali palepale, chini ya mwarobaini, bila matembezi. Mnyororo aliokuja nao niliutupa kwa sababu kila ulipolia alijikunyata. Nikanunua mkanda wa kifuani na kamba ya kitambaa. Akigoma kukojoa nilirudi naye ndani kamba ikiwa bado mkononi, tunakaa pamoja dakika 15, tunashuka tena. Na akishakojoa usimburure kurudi ndani saa hiyohiyo. Mwache anusenuse kidogo, la sivyo atajifunza kwamba kukojoa ndiko kunakomaliza raha, ataanza kuubana mkojo.

Sasa, saa kumi na moja ndiyo pia saa ya mzee wa ghorofa ya kwanza kushuka kwenda msikitini. Asubuhi moja kanzu nyeupe ilitokea gizani na Bosi akalowesha vidato vitatu. Mzee alikuwa na udhu wake. Mimi si Mwislamu, lakini nimezaliwa mjini hapa, najua mkojo wa mbwa ungegusa kanzu ile ingekuwaje. Nikaomba radhi, nikakimbilia ndoo.

"Mara saba, mwanangu," akasema, amesimama kule juu ameshika kanzu yake. "Na moja iwe na mchanga."

"Sawa, mzee wangu."

Nikaosha mara saba, mchanga nilikuwa nao tele. Aliporudi tukapatana: yeye atangulie, nami nikisikia geti limefungwa ndipo nishuke, na Bosi abebwe kwenye ngazi, kilo 18 ndani ya taulo kuukuu, mpaka aaminike. Ukiishi kwenye ploti, nenda kazungumze na majirani kabla ya tukio la kwanza. Mimi nilienda baada.

Kuhusu kusafisha: usitumie klorini. Ikikutana na mkojo hutoa hewa inayochoma macho na koo, na harufu inayobaki bado humwambia mbwa mahali ni pale pale. Maji ya moto na sabuni huondoa harufu kwa pua yako, siyo kwa pua yake. Kinachofanya kazi ni dawa yenye vimeng'enya (enzaimu) vinavyovunjavunja mabaki ya mkojo, huuzwa kwenye maduka ya vitu vya wanyama. Uiache ikauke yenyewe, usiifute haraka. Nikikosa, siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu ilinisaidia kiasi. Busati nililitupa.

Kulikuwa na kukojoa kwingine ambako si kwa haja kabisa. Nikifungua mlango, nikimwinamia na kumpapasa kichwani, anatambaa na kumwaga kidogo. Kwa lugha ya mbwa hiyo ni shikamoo ya aliyeogopa sana, na kumkemea ni kumwambia aamkie zaidi. Nilianza kuingia bila kumtazama, naweka mfuko mezani, nakaa chini ubavu kwake, namngoja aje mwenyewe, kisha namkuna kidevuni, siyo utosini. Wageni waliagizwa hivyohivyo. Shangazi yangu alikataa, akasema hawezi kunyamaza kwa mbwa, akaloweshewa kiatu.

Na nikitoka je? Nilitegesha simu ya zamani irekodi. Dakika sita baada ya mlango kufungwa alianza kuzunguka na kudondosha mate, na ya kumi akakojoa, ingawa nilikuwa nimetoka kumkojoza. Huo haukuwa mkojo wa kibofu kujaa, ulikuwa wa hofu ya kuachwa peke yake. Ikawa namzoesha kidogo kidogo: nachukua funguo kisha nakaa. Natoka sekunde 30, narudi. Dakika mbili. Tano. Inachosha kuliko yote niliyoyataja, na ndiyo iliyochukua miezi.

Maji usimnyime. Watu watakushauri uondoe bakuli. Kwa joto la kaskazi, Januari hapa, utampoteza mbwa kwa kuokoa sakafu.

Alikaa mwezi mzima mkavu, kisha fataki za mwaka mpya zikamrudisha chini ya kitanda, tukaanza tena na karai roshani. Safari hiyo zilitosha siku nne. Masika ilipoingia alikataa mvua. Nilifunga turubai kwenye mwarobaini.

Wiki iliyopita nililala nikapitiliza. Nikaamshwa na sauti kutoka chini, mzee amesimama uani amerudi msikitini.

"Mwanangu! Leo mwenzako hashuki? Mie nishapita zamani."

Bosi alikuwa amelala mlangoni, pua kwenye upenyo wa chini, sakafu kavu. Aliposikia geti, alinyanyuka akatangulia ngazini mwenyewe.